Nukta ya Rangi ya Kucha

Ukitaka kumjua binadamu, muuzie kitu kilichotumika. Hayo yalikuwa maneno ya Mama Nukta, na hakuna aliyembishia, maana yeye na mumewe walikuwa wakiuza cherehani za mitumba kwenye mnada wa mtandaoni tangu wakati ambapo watu wengi hawakujua kwamba simu inaweza kuwa duka. Mume, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alizifumua, akazisafisha, akazirudishia uhai. Mke alizipiga picha juu ya shuka jeupe, akazipandisha mnadani, akajibu maswali, akafunga mizigo. Katika kazi zote hizo, ile ya kujibu maswali ndiyo iliyomzeesha.

Wateja wasumbufu aliwajua kwa koo zao. Kuna yule anayepandisha dau mpaka wenzake wanakimbia, halafu akishinda anazima simu. Ukimpata baadaye anakwambia alikuwa msibani. Watu wa ukoo huo wamefiwa na mashangazi wengi kuliko mtu anavyoweza kuwa nao. Kuna muulizaji: ina uzito gani? Aliyekuwa nayo kwanza alikuwa mtu mzima au kijana? Ikikaa bila kutumika inakuwaje? Ungedhani anaposa. Kuna na yule anayeinunua, anashonea nguo za harusi ya ukoo mzima, kisha Jumatatu anataka kuirudisha kwa sababu rangi yake si ile aliyoiona kwenye picha. Hao wote Mama Nukta aliwavumilia. Biashara haigombi. Alimeza mate, akaandika "Asante, mpendwa", halafu akaugeukia ukuta na kuuambia aliyokuwa nayo moyoni.

Ambao hakuwavumilia ni wachomoaji. Mchomoaji ana cherehani yake mbovu nyumbani. Ananunua yako nzima, anachomoa kifaa anachokihitaji, anachomeka kile chake kilichokufa, kisha anapiga picha na kuanza kulia: mama, umeniuzia takataka, nirudishie pesa yangu. Walimfanyia hivyo mara moja, wakamfanyia tena. Waliokuja baada ya hapo walimkuta na chupa ya rangi ya kucha.

Ilikuwa hivi. Fundi akishamaliza mashine, mkewe alichukua rangi nyekundu akatia nukta mahali ambapo mtu hapaoni mpaka afungue: tumboni mwa mashine, chini ya bati linalopitiwa na sindano, na mgongoni mwa kile kikopo kidogo cha chuma kinachobeba bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini. Nukta zote akazipiga picha. Mteja akija na kilio chake, aliambiwa kwa upole atume picha ya kifaa kinachomsumbua. Hakina nukta? Basi si chetu, mpendwa, kitafute chetu hapo ulipokiweka. Wachomoaji kadhaa walinaswa kwa mtindo huo, mmoja wao mwalimu wa hesabu. Habari zikaenea kwenye kundi la simu ambalo wauzaji wa mnada ule huonyana juu ya wateja wabaya, na tangu hapo jina alilopewa na wazazi wake likastaafu. Akawa Mama Nukta. Muuzaji akiwa na kesi ngumu, wenzake walimwambia: mpelekee Mama Nukta, akishasema yeye, kesi imefungwa.

Sifa ni tamu, tusidanganyane. Alizipenda. Asubuhi kabla hajaosha uso alikuwa ameshafungua kundi kuona kama kuna aliyemtaja.

Ndipo akaja mnunuzi mmoja, mwanamke aliyejiita Sindano Moja.

Mnadani alishindana na watu kwa adabu, akashinda kwa kudra, akalipa siku hiyo hiyo. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia ubavuni. Mama Nukta aliikumbuka sana kwa sababu chupa yake ya rangi ilikuwa imekauka asubuhi ile, akaazima ya binti yake aliyekuja kusalimia, nyekundu yenye vimetameta vya kisichana. Binti aliondoka na chupa yake jioni. Ilikuwa cherehani pekee iliyowahi kutoka nyumba ile imepambwa kama bibi harusi.

Fundi naye alikuwa na desturi yake. Nukta zikishakauka, alishona mshono mmoja wa mwisho kwenye kipande cha kitambaa, akakiacha kimebanwa chini ya sindano ili kisafiri na mashine. "Hiyo ndiyo salamu yangu," alisema. Kisha alikitoa kikopo, akakipuliza vumbi la uzi, akakidondoshea mafuta, akakirudisha mahali pake. Hapo mzigo ulifungwa.

Meseji ya kwanza ya Sindano Moja ilikuwa na heshima zote: "Shikamoo mama. Mashine imefika salama, nashukuru sana. Ila uzi unajikusanya kwa chini na mshono unaruka. Labda nakosea mimi?"

Mama Nukta akamjibu abadilishe sindano, atunge uzi upya. Akajibiwa kwamba amefanya hivyo, bado. Akamwambia alegeze uzi wa juu. Bado. Meseji zikaanza kumiminika. Ziliingia wakati wa kula, zikaingia wakati wa kufunga mizigo, zikaja na video za uzi uliofungamana kama nywele za mtoto aliyekimbia kuchanwa. "Mama samahani kukusumbua tena." "Mama nina kazi ya watu, naomba unisaidie." Mama Nukta alianza kuisikia simu ikitetema hata pale ilipokuwa imenyamaza.

"Mbona salamu ya mume wangu ilishonwa vizuri?" alimwandikia mwishowe. "Ulikiona kile kitambaa chini ya sindano?"

"Nilikiona mama. Ni mshono mzuri sana. Ndiyo maana nashangaa."

Mama Nukta akacheka peke yake jikoni. Mtego umenasa. Akaandika: "Mpendwa, nitumie picha ya mgongo wa kikopo cha bobini."

Picha ikaja. Kikopo kilikuwa kitupu mgongoni, hakina nukta wala alama ya nukta.

Alimpelekea Fundi simu pale mezani pake, karibu na dirisha. Fundi aliisogeza simu mpaka ikakaribia kumgusa pua, akaitikisia kichwa picha ile kama anayemkana mtoto. "Hicho si changu," alisema. "Mimi sifungi kikopo kilicholegea namna hiyo. Mwambie arudishe cha watu. Mshenzi huyo."

Hukumu ikatoka. Mama Nukta aliiandika kwa utaratibu, aliweka picha ya kikopo chenye nukta na ya kile kisicho nayo, akamaliza kwa kusema kwamba mlango wa malalamiko umefungwa. Jibu lilikuwa fupi: "Mama, mimi sijabadilisha kitu. Nina kikopo kimoja tu duniani, nacho ni hiki ulichonitumia."

Kesho yake mwanamke yule alimpa nyota moja na kuandika chini yake, mbele ya ulimwengu, kwamba muuzaji huyu si mwaminifu. Hapo ndipo Mama Nukta alipopandwa na hasira. Alichukua picha ya uso wa Sindano Moja kutoka kwenye akaunti yake, jina lake, namba yake na anwani yake, akavitupa kwenye kundi: "Wapendwa, mchomoaji mpya. Ni fundi nguo. Mjihadhari." Wauzaji wakamfungia milango mmoja baada ya mwingine. Malalamiko yakarundikana kwa wenye mnada, nao, bila kuuliza sana, wakaifuta akaunti yake. Bwana Viatu, muuzaji wa viatu vya mitumba aliyekuwa msemaji kuliko wote, akarekodi sauti ya vigelegele. Fundi aliisikiliza mara mbili na kucheka.

Fundi alikuwa anasikiliza tu siku hizo. Meseji za maandishi hakuzisoma tena, akasema vijana wa leo wanaandika ovyo. Uzi kwenye sindano alikuwa anatungiwa na mkewe, naye mkewe alitunga bila kuuliza, akiongea mambo mengine. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa imeanza kuwa na ukungu. Mtoto wa jicho, watu wote wanamjua. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyemtaja, maana kazi ya Fundi ilikuwa macho yake, na kumtaja ilikuwa kama kufunga duka. Mficha maradhi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na kodi ya nyumba.

Hukumu ile ilikuwa haijapoa vizuri pale Mama Nukta alipokwenda kutafuta kikopo cha mashine nyingine. Fundi alikuwa ametoka kwenda kwa muuza vyuma. Kwenye sinia lake la vipuri kulikuwa na vikopo vingi vimelala kwenye mafuta, vyote vinafanana kwa mtu asiyetazama. Alikitoa kimoja, akakifuta kwa kitambaa, akakigeuza.

Nukta ilikuwa pale mgongoni, nyekundu, na ina vimetameta.

Alikaa kwenye stuli ya mumewe. Haikuhitaji akili nyingi. Fundi alishona salamu yake, akakitoa kikopo akipulize, akakiweka kwenye sinia, kisha mkono wake ukarudi na kikopo kingine, na jicho halikumwambia kitu. Mwanamke yule alikuwa amesema kweli tangu neno la kwanza. Kikopo kimoja duniani, nacho ndicho alichotumiwa. Na yule aliyemwita mchomoaji mbele ya watu wote alikuwa ameketi hapa, ameshika ushahidi mkononi, na ushahidi ulikuwa unamchomea nyumba yake mwenyewe.

Aliposikia lango linalia, alikitia kikopo kwenye mfuko wa gauni.

"Umekosa nini mezani kwangu?" Fundi aliuliza, kwa utani.

"Nafuta vumbi."

"Vumbi la fundi halifutwi, mke wangu. Ndilo linaloonyesha kuna kazi."

Akacheka naye. Hilo ndilo lilikuwa baya, kwamba aliweza kucheka.

Siku zilizofuata alijipa sababu, na alikuwa mtu hodari wa sababu. Akisema ukweli kundini, watu watauliza: nani aliyekichanganya? Akisema Fundi, watauliza: kwa nini? Na hakuna atakayenunua tena cherehani iliyopita mikononi mwa mtu asiyeona. Akisema ni yeye, itakuwa uongo juu ya uongo. Labda mwanamke yule alishanunua kikopo kingine, ni kitu kidogo. Labda alishasahau. Alijiambia hivyo akiosha vyombo, akajiambia hivyo akifunga maboksi, na kila alipofungua chupa mpya ya rangi ya kucha harufu yake ilimpanda kichwani. Usingizi ulikuwa unamruka kama ule mshono. Mumewe alimuuliza kama anaumwa. Alisema ni joto.

Shule zikafunguliwa. Watoto walipita chini ya dirisha lao asubuhi wakiwa na sare mpya, mikunjo ya pasi bado inaonekana, na Mama Nukta akajikuta anatazama mishono yao mabegani. Nani aliwashonea? Alikumbuka meseji ile: nina kazi ya watu. Alifunga pazia.

Huenda angelizoea. Mtu huzoea mengi, na dhamiri nayo ukiinyima chakula hukonda. Lakini Bwana Viatu akaleta kichekesho kundini.

"Jamani, yule Sindano Moja wa Mama Nukta hana haya!" alisema kwa sauti yake ya sokoni. "Kaja kwangu kwa simu ya dada yake. Nimemjua kwa pale mzigo ulipotakiwa kupelekwa. Nikamwambia kwangu hupati hata kamba ya kiatu. Msikilizeni anavyolia."

Na akairusha sauti yenyewe.

Mama Nukta alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya mwanamke yule, walikuwa wameandikiana tu. Ilikuwa sauti ya mtu mdogo kuliko alivyomdhania, ya chini, isiyo na haraka. "Kaka, mimi sitaki kurudisha kitu. Nitalipa kwanza, hata ukitaka nitalipa leo. Ni viatu vya shule vya mwanangu tu. Kama huniamini, mwuzie dada yangu, mimi nitakaa mbali."

Wenzake wakacheka kwa maandishi na kwa vikaragosi. Mmoja akaandika: "Mama Nukta, umetuokoa!" Fundi, mezani pake, ambaye naye alikuwa kundini, akaongeza sauti ya simu yake asikie vizuri, akasema, "Wezi wana maneno matamu."

Mama Nukta aliingia chumbani, akachukua kikopo kutoka chini ya nguo zake, akavaa viatu vya kutokea. Alimwambia mumewe anakwenda kupeleka mzigo. Hilo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, halikuwa uongo mtupu.

Mahali alipapata kwa anwani aliyoiandika yeye mwenyewe kwenye boksi. Ilikuwa ghorofa juu ya duka la rangi za ukuta, ngazi zina madoa ya kila rangi, na mlango wa pili ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza ndefu ya kukatia, ubao wa pasi, na mwanamke kijana amejifunga futi ya kupimia shingoni, anakunja pindo la suruali kwa mkono, mshono baada ya mshono. Kwenye kona, mashine nyeusi yenye maua ya dhahabu ilikuwa imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa palikuwa na beseni la nguo mbichi.

"Karibu mama," alisema, bila kuinuka, midomo imebana pini. "Una nguo ya kupunguza?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuuzia cherehani."

Mwanamke alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kijimto cha pini. "Mama Nukta?"

"Ndiye."

Mama Nukta alijiandaa kutukanwa, akatamani hata atukanwe. Badala yake mwanamke alivuta kiti, akakifuta kwa kiganja. "Kaa, mama. Umepanda ngazi."

Hakukaa. Alikitoa kikopo, akakifunua kwenye kitambaa, akaanza maelezo, na maelezo yakamkimbilia pande zote: vikopo vinafanana, sinia lina mafuta, kazi zilikuwa nyingi. Mwanamke aliondoa beseni, akafunua mashine, akachomoa kikopo kilichokuwamo na kukichomeka kile chenye nukta. Kiliingia kwa mlio mmoja mdogo, kama mlango unaojua fremu yake. Akaweka kitambaa, akakanyaga. Mashine ikaenda. Alishona mstari mrefu, akakigeuza kitambaa, akautazama mshono wa juu na wa chini kwa muda, akaupitishia kidole.

"Ni mashine nzuri," alisema. "Nilijua ni nzuri." Kisha akainua macho. "Ulijua lini?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Mama Nukta alilisikia kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo asubuhi, na hakuna ambaye angemkosoa, wala hakukuwa na nukta iliyotiwa mahali popote kumsuta.

"Kabla ya shule kufunguliwa," alisema.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepiga hesabu asiyoipenda.

"Nilikuwa na sare za shule nzima," alisema. "Vitambaa vililetwa hapa, vikajaa mpaka mlangoni. Ndiyo maana niliinunua hii. Kikopo kingine nilikitafuta madukani, sikukipata cha kuingia humu. Halafu ile picha yangu mliyoitupa huko ikafika kwa mwalimu mkuu. Alikuja mwenyewe, hakupaza sauti. Alisema hawezi kumwachia vitambaa vya watu mtu anayetajwa hivyo. Nikamwomba anipe siku chache, nikitumaini, sijui nikitumaini nini. Alinisubiri, mama. Alisubiri mpaka wiki ya mwisho, ndipo akaja kuvichukua." Alikunja kile kitambaa cha mstari mmoja, akakikunja tena. "Ungekuja ulipojua, ningezishona."

Hakuna msamaha unaojua pa kuingilia baada ya maneno kama hayo. Mama Nukta alisema pole, na neno likaanguka sakafuni kati yao. Akasema atalipa. Mwanamke akatikisa kichwa.

"Sema kundini. Hapa hapa, nikiwa nasikia."

Mama Nukta akatoa simu, akabonyeza, akaisogeza mdomoni. "Wapendwa, nina neno. Kuhusu ile kesi ya Sindano Moja, kumetokea makosa—"

"Makosa hayatokei yenyewe kama mvua, mama," mwanamke alimkatiza. "Ya nani?"

Alifuta, akaanza tena. Kwa mara ya kwanza aliona ilivyo kazi kusema neno moja la kweli wakati una mengine mengi ya kulificha. Alimwona Fundi kichwani mwake, pale dirishani, simu imegusa pua. Alifikiria kujibebesha mwenyewe, kusema ni mimi niliyekichanganya. Lakini yule aliyekuwa mbele yake alikuwa ameshalipia uongo wa kutosha, na alistahili kusikia kitu kizima.

"Mwanamke huyu hakuchomoa kitu," alisema kwenye simu. "Kikopo kilibadilishwa nyumbani kwetu. Mume wangu ana mtoto wa jicho, hakuona alichokirudisha. Mimi nilijua kitambo kwamba macho yake hayafai, nikanyamaza. Kikopo chenyewe nilikiona baadaye, nikanyamaza tena. Nilimwita mwizi mbele yenu, na mwizi wa jina lake ni mimi. Namwomba yeyote aliyeipeleka picha yake mahali aipeleke na sauti hii hapo hapo."

Akaituma. Simu ikakaa kimya, jambo ambalo kundi lile halikuwa limelifanya tangu liundwe. Kisha ikaanza. Bwana Viatu aliandika "Duh", akafuta. Mmoja akaandika pole. Mwingine akaandika: "Mama, na ile niliyonunua kwenu mwezi jana nayo inaruka." Na mwingine: "Hata yangu." Mama Nukta alizisoma, akaigeuza simu kifudifudi mezani. Ndiyo hivyo, duka lilikuwa linafungwa mbele ya macho yake, na hakuwa na wa kumlaumu.

Mwanamke alimsindikiza mpaka mlangoni, maana adabu ilikuwa imemkaa hata pale ambapo mtu hakuistahili. Mama Nukta akageuka. Alikuwa amejiambia hatauliza, akauliza.

"Utanisamehe?"

"Kukusamehe nitakusamehe, mama. Sina pa kuiweka chuki, chumba chenyewe kidogo." Alivuta futi yake shingoni. "Ila leo usinidai."

Akateremka ngazi zenye madoa ya rangi. Barabarani, simu ikalia. Alikuwa Fundi.

"Nimesikia," alisema.

Mama Nukta alisimama kando ya ukuta. Watu wakampita. "Nilitaka kukwambia mwenyewe kwanza."

"Ulitaka." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimtisha zaidi. "Mimi nilimwita mshenzi. Nilimcheka yule dada, wewe umekaa pale umenitazama ninacheka." Akavuta pumzi. "Mashine yake sasa inashona?"

"Inashona."

"Hairuki?"

"Hairuki. Ameupitishia mshono kidole."

Mama Nukta alisikia, kwa nyuma, mlio wa vikopo: alikuwa anavipapasa kwenye sinia, kimoja kimoja.

"Na amekusamehe?" Fundi aliuliza.

"Bado."

"Basi na mimi bado," akasema, akakata simu.